Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kusomea Uuguzi Ukitokea Lamu

Maswali haya yamekusanywa kwa miaka kadhaa kutoka kwa wazazi, vijana waliomaliza kidato cha nne na wanafunzi walio katikati ya masomo. Wengi wao ni wa Amu (mji wa Lamu), Pate, Mpeketoni, Witu na Kiunga, na wachache ni wa Malindi. Anayeyajibu ni muuguzi aliyepita njia hiyo na ambaye sasa husimamia wanafunzi wodini. Msomaji ataona neno moja likirudi mara nyingi, nalo ni ruhusa: ruhusa ya kuingia chuoni, ya kumgusa mgonjwa ukiwa na msimamizi kando yako, na hatimaye ya kumgusa ukiwa peke yako usiku. Karibu kila swali hapa chini, likichunguzwa vyema, linauliza ni nani atoaye ruhusa hiyo na kwa kipimo gani.

## Kabla ya kuomba nafasi

Muuguzi hufanya kazi gani ambayo daktari au afisa wa kliniki haifanyi?

Daktari na afisa wa kliniki hupima, hutambua ugonjwa na kuandika dawa, kisha huenda kwa mgonjwa mwingine. Muuguzi hubaki. Yeye ndiye anayetoa dawa kwa saa yake, anayehesabu pumzi, anayepima presha na joto, anayemgeuza asiyeweza kujigeuza, anayemzalisha mama, na anayeona kwanza kwamba mgonjwa aliyekuwa akizungumza saa mbili zilizopita sasa hajibu sawasawa. Katika zahanati nyingi za visiwani hakuna daktari kabisa. Muuguzi ndiye mwenye funguo, mwenye friji ya chanjo, na ndiye anayeamua kama chombo cha kumvusha mgonjwa kiitwe usiku huo au kisubiri alfajiri.

Ni alama gani za KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, zinazohitajika?

Kwa stashahada ya uuguzi, wastani usiopungua C unahitajika, pamoja na C katika Biolojia na C katika Kiingereza au Kiswahili. Masomo mengine ya sayansi na Hisabati nayo hutazamwa, na kiwango chake huwa ni C- katika yale yaliyotajwa kwenye tangazo la mwaka husika. Kwa shahada, wastani ni C+, na C+ hiyo huangaliwa pia katika Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili.

Wazazi wengi hutazama wastani peke yake. Kijana mwenye wastani wa B- aliyepata D+ katika Biolojia hatapokelewa, ilhali mwenzake mwenye C na Biolojia nzuri atapita. Kwa hiyo uamuzi wa kusomea uuguzi huanza kidato cha pili, wakati wa kuchagua masomo, na wala hausubiri matokeo.

Nimepata wastani wa D+. Kuna njia ya mkato?

Ya uuguzi, hakuna. Anayekuahidi kukuingiza kwa malipo anauza kitu asichokuwa nacho, kwa sababu mwanafunzi wa uuguzi huorodheshwa kwa Baraza la Wauguzi la Kenya mwanzoni mwa masomo, na hapo ndipo alama zake hutazamwa upya. Kuna kozi fupi za usaidizi wa afya ambazo hupokea alama za chini. Ni kazi halali, lakini hazimfanyi mtu kuwa muuguzi, hata kama sare inafanana. Anayetaka uuguzi hasa huwa ni heri arudie mtihani. Mwaka mmoja wa kurudia ni mfupi kuliko miaka mitatu ya kusomea kitu kisicho na leseni mwishoni (kuhusu vyuo visivyotambuliwa, tazama sehemu ya mwisho).

Nichague stashahada au shahada?

Stashahada huchukua miaka mitatu. Shahada huchukua minne, na baada yake kuna mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini kabla ya kuwa huru. Mwenye stashahada akiajiriwa serikalini huanzia daraja la H, na mwenye shahada huanzia K, tofauti inayoonekana kwenye mshahara na kwenye uongozi.

Hata hivyo, mimi simsukumi kila mtu kwenye shahada. Familia ambayo haina uwezo wa kulipia miaka minne inaweza kumpeleka mtoto kwenye stashahada, akaajiriwa, kisha akaendelea kusoma akijilipia mwenyewe. Wauguzi wengi wa Pwani niliofanya kazi nao walipanda hivyo, na kwenye chumba cha kujifungulia sijaona mama akiuliza ni cheti gani kilichomzalisha.

Kuna vyuo gani vya karibu?

KMTC, taasisi ya serikali ya mafunzo ya afya iliyoanza mwaka 1927, ina kampasi Lamu, Kilifi na Mombasa, pamoja na nyingine nyingi nchini. Kwa shahada, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na kwa mtu wa Malindi ni safari ya matatu moja tu. Kabla ya kuchagua kampasi, hakikisha kwamba inapokea wanafunzi wa uuguzi mwaka huo, kwa kuwa si kila kampasi hufundisha kila kozi.

Kusomea karibu na nyumbani kuna faida ya chakula na malazi, na kuna hasara ambayo watu hawaisemi. Mwanafunzi anayelala kwao Mkomani au Langoni huitwa kila harusi, kila maziko na kila mtoto akiugua. Wiki ya mtihani, mwambie mama akusaidie kukuficha.

Maombi hupitia wapi, na stakabadhi gani huwatatiza watu wa Pwani?

Nafasi za vyuo vikuu, na kwa miaka ya karibuni za KMTC pia, huombwa kwenye mtandao kupitia KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo. Stakabadhi zenyewe ni za kawaida: cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KCSE, cheti cha kumaliza shule, na kitambulisho kwa aliyefikisha miaka 18.

Tatizo letu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatma, matokeo ya KCSE yanasema Fatuma, kitambulisho kinasema Fatma na jina la babu limeongezwa, na Mohamed mmoja ameandikwa kwa tahajia tatu. Chuoni jambo hili huvumiliwa kwa muda, lakini Baraza halitamwandikia leseni mtu ambaye stakabadhi zake ni za watu watatu. Sawazisha majina kabla ya kuomba nafasi, kwa hati ya kiapo au kwa kusahihisha cheti chenyewe. Nimemwona mwanafunzi aliyefaulu kila kitu akikaa nyumbani miezi kadhaa kwa ajili ya herufi moja.

Gharama ni zipi, na msaada hupatikana wapi?

Karo imeandikwa kwenye barua ya kuitwa chuoni. Yasiyoandikwa kwa herufi kubwa ndiyo humshtua mzazi: sare na viatu, saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, ada ya kuorodheshwa kwa Baraza, chanjo, nauli na chumba wakati wa mazoezi katika hospitali za mbali, na mwishoni ada ya mtihani wa leseni.

HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hutoa mikopo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu na wa KMTC. Basari za kaunti na za hazina ya maeneo bunge huombwa kwa wakati wake, na fomu hufungwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Mkopo wa HELB hulipwa baada ya masomo, uajiriwe au usiajiriwe, kwa hiyo andika mahali kiasi ulichochukua.

## Chuoni na wodini

Masomo yenyewe yana nini ndani yake?

Kozi ya stashahada ambayo wengi huichukua ni ya uuguzi wa afya ya jamii, nayo hukusanya mambo manne: uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya akili na afya ya jamii. Mwaka wa kwanza hujaa maumbile ya mwili na jinsi viungo vinavyofanya kazi, dawa, vijidudu, na maarifa ya msingi ya kumhudumia mgonjwa kitandani. Baadaye huja ukunga, magonjwa ya watoto, upasuaji na uongozi wa wodi.

Sehemu kubwa ya muda hutumika nje ya darasa. Kwa afya ya akili, wanafunzi wa Pwani huenda kwenye kitengo cha Port Reitz huko Mombasa, au Mathari huko Nairobi. Kwa afya ya jamii hupelekwa kijijini kuhesabu nyumba, vyoo, visima na watoto waliochanjwa, kisha huandika ripoti ya hali ya kijiji hicho na kuisoma mbele ya wazee wa hapo. Wengi huidharau kazi hii hadi wanapofika kijiji chenye wazee wenye matende na mabusha, ugonjwa wa kale wa mwambao wetu, na kugundua kwamba mgonjwa amekaa na mguu huo miaka kumi bila kufika hospitali kwa sababu ya haya.

Masomo yote ni kwa Kiingereza. Je, Kiswahili chetu kitanisaidia?

Kitakusaidia kuliko unavyodhani, na wakati mwingine kitakutega. Vitabu, mitihani na faili za wagonjwa huandikwa kwa Kiingereza, na hapo hapana budi ujibidishe. Lakini mgonjwa hasemi kwa lugha ya kitabu. Mzee wa Amu atakwambia kitwa (kichwa) chamuuma na mato (macho) yana kiza, na mwanafunzi aliyetoka bara, hata akiwa na Kiswahili kizuri cha shule, hubaki akitazama dari. Ukienda Mpeketoni utasikia Kikuyu, Tana utasikia Kipokomo na Kiorma, na Malindi utasikia Kigiriama.

Mtego uko hapa: mwenyeji hudhani ameelewa. Mgonjwa anaposema moyo unamwenda mbio, anaweza kumaanisha mapigo ya moyo, hofu, kichefuchefu au huzuni. Muulize akuonyeshe kwa mkono ni wapi. Andika kwanza maneno yake kama alivyoyasema, ndipo uandike tafsiri yako.

Siku za kwanza wodini, mwanafunzi huruhusiwa kufanya nini?

Hutandika vitanda, huosha wagonjwa, hupima joto, mapigo, pumzi na presha, na hutazama. Wapo wanaolalamika kwamba hawakuja chuoni kutandika vitanda. Anayemwosha mgonjwa vizuri, hata hivyo, huona kidonda cha mgongoni kabla hakijafunguka, huona miguu iliyoanza kuvimba, na husikia siri ambayo daktari hakuambiwa.

Kila mwanafunzi hupewa logibuku yenye orodha ya kazi anazopaswa kuzifanya na idadi ya chini ya kila moja, kuanzia kuchoma sindano na kuweka dripu hadi kuzalisha. Kila kazi husainiwa na muuguzi aliyeishuhudia. Saini hiyo ndiyo ruhusa niliyoitaja mwanzoni. Msiombe saini za kazi ambazo hazikuonekana. Tunaombwa kila muhula, mara nyingi Ijumaa mchana, na nia huwa njema, lakini atakayekuja kulipa ni mama mwenye damu nyingi usiku ambao wewe uko peke yako, ukijaribu kukumbuka jambo ambalo logibuku inasema ulilifanya mara tano.

Naogopa damu, na sijawahi kugusa maiti. Niache?

Usiache kwa hilo peke yake. Karibu kila mmoja wetu aliwahi kuinamia ukuta. Kula kabla ya kuingia zamu, mwambie msimamizi mapema, na ukisikia kizunguzungu keti chini badala ya kujikaza hadi uanguke juu ya meza ya vifaa. Kwa wengi hofu ya damu huisha ndani ya miezi michache.

Kuhusu maiti, kumwandaa mgonjwa aliyefariki ni sehemu ya uuguzi: kuondoa mipira na sindano, kumsafisha, kumfunga kidevu, kumfunika, kuandika saa. Kwa marehemu Mwislamu, josho lenyewe ni la jamaa zake na hufanywa nyumbani au msikitini. Wewe mhifadhi kwa heshima na umkabidhi bila kuchelewa, kwa kuwa familia itakuwa tayari inauliza kuhusu maziko ya alasiri.

Nikikosea dawa au kipimo, itakuwaje?

Sema papo hapo, kwa msimamizi, kabla ya kutafuta maneno mazuri. Nilipokuwa mwaka wa pili, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimpa mgonjwa wa kitanda cha nne dawa ya presha ya mgonjwa wa kitanda cha tano. Wagonjwa walikuwa wamebadilishana vitanda kwa ajili ya upepo wa dirishani, nami nilisoma namba ya kitanda badala ya kuuliza jina. Nilikaa na jambo hilo kama dakika ishirini, dakika ambazo hadi leo nazikumbuka kuliko mtihani wowote. Nilipomwambia sista, hakupaza sauti. Alipima presha, akamlaza mgonjwa, akamwita daktari, akaniamuru nipime kila robo saa na niandike. Mgonjwa alikuwa salama. Baadaye aliniuliza kuhusu zile dakika ishirini, na kuhusu dawa yenyewe hakuuliza tena.

Tangu hapo namuuliza mgonjwa ataje jina lake mwenyewe. Sisemi, “Wewe ni Bwana Omar?”, kwa sababu mgonjwa mwenye homa huitikia jina lolote.

Nikijichoma na sindano iliyotumika?

Osha mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, kisha ripoti mara moja, iwe mchana au usiku. Dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi zapaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo, na zikichelewa kupita saa 72 hazianzwi. Zikianzwa, humezwa kwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini aina ya B nayo huhitaji dozi tatu zinazoenea takriban miezi sita, kwa hiyo ianze kabla hujaingia wodini. Usiifiche ajali hii kwa kuogopa kuitwa mzembe, na usirudishe kifuniko cha sindano kwa mikono miwili. Sindano iende moja kwa moja kwenye kisanduku chake.

Je, naweza kuvaa hijabu na mikono mirefu?

Hijabu huvaliwa na wanafunzi wengi wa Pwani pamoja na sare. Iwe fupi, ya rangi iliyokubaliwa na chuo, iliyobanwa ndani ili isimguse mgonjwa au kidonda, na ibadilishwe kila siku. Mikono ndiyo huleta mjadala, kwa kuwa kuosha mikono hadi juu ya kifundo hakuwezekani nguo ikiwa imefika kiganjani, na vijidudu havibagui nia njema. Suluhisho la kawaida ni mkono mrefu unaokunjwa na kubanwa wakati wa kumhudumia mgonjwa, kisha kuteremshwa. Buibui huachwa kwenye chumba cha kubadilishia.

Bibi mmoja wa Shela aliwahi kunishika mkono akasema kazi hii si ya mtoto wa kike mwenye adabu. Nilimkumbusha Bibi Rufaida al-Aslamiyya, aliyewatibu majeruhi katika hema lake Madina zama za Mtume. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nina dawa ya goti.

Zamu za Ramadhani hupangwaje?

Zamu huendelea kama kawaida. Mweleze msimamizi mapema, na utapata wenzako Wakristo walio tayari kubadilishana saa ya futari, nawe utawalipa Krismasi. Ukihisi mikono inatetemeka wakati wa kupima dozi, mwite mwenzako aipime.

Mimi ni mwanamume. Nitaruhusiwa wodi ya wazazi?

Utaruhusiwa na pia utalazimika, kwa sababu ukunga ni sehemu ya kozi na logibuku haina safu ya wanaume. Hata hivyo, idhini ya mama ndiyo ya kwanza. Ingia ukiwa na muuguzi wa kike, jitambulishe kwa jina na kwamba wewe ni mwanafunzi, eleza unachotaka kufanya, na akikataa usimwombe mara ya pili. Katika mji kama Amu, ambapo huenda mama huyo ni mke wa rafiki yako, kataa wewe mwenyewe kabla hajalazimika kukukataa. Pale Malindi na Mombasa, ambako akina mama ni wengi na wageni kwako, utapata nafasi za kutosha za kukamilisha idadi yako.

Nitapangiwa mazoezi visiwani au bara. Nijiandae vipi kwa safari?

Soma maji kama unavyosoma ratiba. Chombo kinachotoka Faza au Kizingitini kuelekea Amu hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na maji yakitoka hukwama kwenye matope hadi yajae tena. Msimu wa kusi bahari huchafuka, na safari ya asubuhi inaweza kuwa ya jioni au ya kesho. Anayeishi Pate na kuanza zamu Jumatatu alfajiri husafiri Jumamosi.

Ukiwa huko utajifunza jambo ambalo darasani halina uzito wake. Mgonjwa wa King Fahd, hospitali ya kaunti iliyoko Amu, anayehitaji kupelekwa Mombasa lazima kwanza avuke maji hadi Mokowe upande wa bara ndipo apande ambulensi, na yule wa Ndau huvuka mara mbili. Kwa hiyo muuguzi wa visiwani hufundishwa kuamua mapema. Chati ya uchungu inapoonyesha kwamba njia haifunguki kama inavyotarajiwa, mwenzako wa mjini ana nafasi ya kutazama kidogo zaidi. Wewe huanza kumtafuta nahodha.

## Mtihani, leseni na kazi

Nikihitimu chuoni, je, mimi tayari ni muuguzi?

Bado. Cheti cha chuo husema umesoma. Leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya, lililowekwa na sheria ya Sura ya 257, ndiyo husema unaweza kufanya kazi. Kati ya hivyo viwili kuna mtihani wa Baraza, ambao ni mmoja kwa nchi nzima. Ukifaulu, unasajiliwa na kupewa namba, kisha unaomba leseni ambayo lazima ihuishwe kwa wakati wake pamoja na ushahidi wa masomo ya kujiendeleza. Kufanya kazi bila leseni ni kosa la kisheria, hata kama ni dukani kwa mjomba mwenye kliniki.

Na nikishindwa mtihani huo?

Unaurudia. Wanaoanguka mara nyingi ni wale waliosoma maswali ya zamani bila kuyaelewa, na wale waliokaa nyumbani miezi mingi bila kugusa wodi. Omba kujitolea hospitalini chini ya usimamizi huku ukisubiri.

Kaunti huajiri lini?

Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti, na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti ndiyo hutangaza nafasi. Hakuna msimu maalumu. Hutangazwa bajeti ikiruhusu, mara nyingi kwa mkataba, na wanaoomba huzidi nafasi kwa mbali. Jiandae kusubiri, na usione haya kuanza katika hospitali ya binafsi au ya dini Malindi au Mombasa. Lamu huhesabiwa miongoni mwa sehemu zenye mazingira magumu, na mwajiriwa wa serikali hupata marupurupu kwa hilo. Wengi wa bara huyachukua kwa mwaka mmoja kisha huomba uhamisho. Bodi hulijua hilo, kwa hiyo mwenyeji aliye tayari kukaa Kiunga anapaswa kulisema waziwazi kwenye mahojiano.

Wauguzi wakigoma, mwanafunzi afanyeje?

Mgomo wa mwaka 2017 ulidumu takriban miezi mitano, na wanafunzi wengi walikosa mazoezi. Mwanafunzi hajaajiriwa, hivyo hawezi kugoma, na pia hawezi kuachiwa wodi peke yake kuziba pengo. Ukiambiwa uingie bila msimamizi mwenye leseni, kataa kwa adabu na umpigie mkufunzi wako. Huo ni uwezo ambao hakuna aliyekupa bado.

Nataka kufanya kazi ng'ambo. Nianze wapi?

Anza na leseni ya Kenya na uzoefu, mara nyingi wa miaka miwili. Baada ya hapo kila nchi ina mlango wake. Uingereza, ambayo ilitia saini makubaliano na Kenya mwaka 2021 kuhusu wahudumu wa afya, hutaka mtihani wa Kiingereza, mtihani wa maswali kwenye kompyuta, kisha mtihani wa vitendo huko huko. Marekani hutaka NCLEX, mtihani wake wa leseni ya uuguzi. Ujerumani hutaka Kijerumani, kwa kawaida hadi kiwango cha B2, na hiyo ni kazi ya zaidi ya mwaka. Nchi za Ghuba zina mitihani yake na uhakiki wa vyeti.

Vijana wetu huitazama Ghuba kwanza kwa sababu ya dini na jamaa waliotangulia. Sawa, lakini soma mkataba uone kama umeandikwa muuguzi au mhudumu wa nyumbani. Nimeona mikataba miwili ambayo anwani ya kazi ilikuwa ni nyumba ya mtu.

Je, naweza kubobea baadaye?

Ndiyo. Kuna stashahada za juu za uuguzi wa wagonjwa mahututi, chumba cha upasuaji, figo, macho, watoto na afya ya akili, baada ya kufanya kazi kwa muda. Mwenye stashahada pia huweza kusomea shahada kwa muda mfupi kuliko miaka minne.

## Hali zisizo za kawaida

Nimeanza chuo, kisha nikasikia hakitambuliwi na Baraza.

Usisubiri uvumi uthibitike wenyewe. Baraza huweka wazi orodha ya vyuo lililoviidhinisha kwa kozi ya uuguzi, na chuo chaweza kuwa na usajili wa serikali kwa kozi nyingine bila kuwa na idhini hii. Kama jina halimo, au kama muhula wa kwanza umekwisha na hujaorodheshwa, uliza kwa maandishi, hifadhi risiti zote na uache kulipa karo zaidi. Masomo ya chuo kisichoidhinishwa hayahamishiki. Ni maneno machungu, na ni bora uyasikie mwaka wa kwanza kuliko wa tatu.

Nimepata mimba, au naolewa, katikati ya masomo.

Omba kuahirisha kwa maandishi, kisha urudi na darasa linalofuata. Ukitoweka kimya unaweza kufutwa kwenye orodha. Kwenye wodi, mjulishe msimamizi mapema ili usipangiwe chumba cha eksirei au kuinua wagonjwa wazito. Kuhusu ndoa, waelezeni wakwe juu ya zamu za usiku kabla ya posa kukubaliwa.

Nyanya yangu ni mkunga wa jadi na amezalisha nusu ya kijiji. Anaweza kusomea?

Bila KCSE hawezi kuingia chuoni, wala hawezi kupewa leseni kwa uzoefu. Lakini asiachwe nje ya mlango. Katika vijiji kadhaa wakunga hawa sasa huwasindikiza akina mama hospitalini badala ya kuwazalisha nyumbani, na wengine wamo miongoni mwa wahamasishaji wa afya ya jamii, mpango ambao serikali iliuzindua nchi nzima mwaka 2023. Mama akifika nasi akiwa ameshikwa mkono na mkunga wake hapigi kelele sana na hukubali kupimwa mapema. Mwulize nyanya yako dalili gani humfanya aseme, “Huyu apelekwe leo.” Ziandike kwa maneno yake, uje nazo chuoni, na ulinganishe na sura ya dalili za hatari katika kitabu cha ukunga. Nilipofanya hivyo mimi, mkunga aliyenilea alitaja dalili saba, na moja kati ya hizo mkufunzi wetu alikuwa hajafika kuifundisha.